Usitie Sahihi Bado: Mwongozo Kamili wa Kukagua Nyumba Kabla ya Kuinunua Nakuru

Wanaoniomba ushauri kuhusu nyumba karibu wote huja wamechelewa. Wameshalipa asilimia 10, wameshahamisha makochi, halafu mvua ya Aprili inanyesha na ukuta wa chumba cha watoto unapasuka. Ndipo simu inalia: "Sasa tufanye nini?"

Wengi wao si wazembe. Walifanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, benki ikatuma mthamini, wakili akasoma mkataba. Lakini kati ya hao watatu hakuna aliyeikagua nyumba yenyewe. Upekuzi unaeleza ardhi ni ya nani. Mthamini anaiambia benki nyumba ina thamani gani sokoni. Wakili ana karatasi zake. Msingi, paa, mabomba na shimo la choo vimebaki bila mtu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa kufikiria Nakuru kwa sababu udongo wetu una tabia yake. Tuko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, chini ya Menengai, na sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya jivu la volkano. Jivu hilo likiwa kavu hubeba nyumba bila taabu. Likinywa maji hushuka, na maji yakipata njia chini yake huondoka nalo na kuacha pango. Kwa hiyo katika kila hatua utaniona nikifuata maji: yanatoka wapi, yanakwenda wapi, yamewahi kupita wapi.

## Vitu vya kubeba

Havizidi mfuko mmoja wa sokoni:

- Tochi yenye mwanga mkali. Ya simu haitoshi darini.
- Pima maji ya fundi, au timazi ukikosa.
- Gololi mbili tatu za watoto.
- Penseli na kadi ya benki.
- Bisibisi nyembamba.
- Buluu ya kufulia nguo.
- Kipima soketi cha taa tatu, kile cha kuchomeka ukutani.
- Ndoo, ngazi, daftari, na simu yenye chaji ya kupiga picha.
- Nguo usizozionea huruma.

Jipe saa tatu. Dalali akikuambia ana wateja wengine nusu saa ijayo, mwambie awahudumie, wewe utarudi kesho.

## Hatua ya 1: Pata ruhusa ya kukagua kabla ya kalamu kugusa karatasi

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi. Mikataba ya kuuza nyumba hapa nchini kwa kawaida huwa na kifungu kinachosema mnunuzi ameikagua nyumba na ameikubali jinsi ilivyo. Ukishatia sahihi, ufa uliouona wiki iliyofuata ni wako, hata kama ulikuwa nyuma ya kabati siku ile.

Fanya hesabu. Nyumba ya shilingi milioni 6 inadai amana ya laki 6 siku ya sahihi. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini, yaani laki 2 na elfu 40 nyingine. Hapo wakili hajalipwa. Ukigundua kasoro baada ya hapo na ukataka kujitoa, utakuwa unaomba pesa zako kwa mtu ambaye pengine ameshazilipia karo.

Mwambie muuzaji kwa heshima, na umwandikie ujumbe pia: "Mzee, nyumba nimeipenda. Kabla hatujaenda kwa wakili naomba siku moja ya kukagua na siku nyingine ya kuja na mhandisi." Muuzaji mkweli atakuuliza unakuja lini. Anayekasirika tayari amekujibu.

Hatua hii imekamilika ukiwa na tarehe, ruhusa ya kufungua manholi na kupanda darini, na hujatoa hata shilingi. Pesa ya "kushikilia nyumba" inayoombwa na dalali usiitoe. Sijawahi kuona ikirudi kirahisi.

## Hatua ya 2: Karatasi za jengo

Hati ya ardhi mwachie wakili. Wewe ulizia vitu viwili: ramani ya nyumba iliyoidhinishwa na kaunti, na cheti cha kuruhusu watu kukaa ndani. Linganisha ramani na unachokiona. Ramani ikionyesha vyumba viwili na wewe umesimama kwenye cha nne, vile viwili vimeongezwa baadaye, na mara nyingi msingi wake si sawa na wa nyumba ya kwanza. Weka alama mahali jengo la zamani linapokutana na jipya. Utarudi hapo kwenye hatua ya 4.

Kama muuzaji ana mke au mume, hakikisha wakili anapata idhini yake kwa maandishi.

## Hatua ya 3: Zunguka nje, na uzunguke baada ya mvua

Nyumba nyingi hukaguliwa Januari, jua likiwaka, ua umefagiwa. Mimi huwaambia watu waende siku inayofuata mvua kubwa. Kama uko kwenye kiangazi na huwezi kungoja, itabidi usome alama zilizoachwa na maji.

Simama langoni uangalie mteremko. Maji ya barabara yanaingia kwenye ploti au yanaipita? Tembea ukiufuata ukuta wa nyumba. Sehemu ya simiti inayozunguka msingi inafaa iinamie nje. Ikiwa imepasuka na kuachana na ukuta, kila mvua inamwaga maji moja kwa moja kwenye msingi. Tazama gata zinamwaga wapi: kwenye tangi, kwenye mfereji wa simiti, au kwenye kishimo kilichochimbwa na matone yenyewe? Kishimo hicho kikiwa kwenye pembe ya nyumba, kichore kwenye daftari. Ndani ya pembe hiyo hiyo ndiko utakakotafuta nyufa.

Tafuta pia ardhi iliyojazwa upya: udongo wa rangi tofauti, kokoto zilizomwagwa mstari mmoja kukatiza ua, ukuta wa ploti wenye kiraka kipya cha mawe. Katika bonde letu ardhi huweza kufunguka baada ya mvua kubwa. Wengi tunakumbuka Machi 2018, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilivyokatwa na bonge la ufa. Mistari midogo ya namna hiyo hupita kwenye mashamba na mitaa pia, watu wakaijaza taka na udongo, kisha wakauza ploti. Mstari ulioonekana kwako uangalie kama unaendelea kwa jirani.

Na kwa jirani ndiko kwenye ukaguzi wa bure. Rafiki yangu alitaka nyumba upande wa Mwariki. Muuzaji aliapa kwamba maji hayajawahi kufika. Tulivuka barabara tukanunua ndizi kwa mama mmoja, tukamuuliza mtaa ukoje. Akatutazama, akaitazama nyumba. "Pale? Mwezi wa nne walikuwa wanatoa maji na ndoo, wanangu. Godoro walianika hapa kwangu." Hatukurudi hata kuaga. Ziwa Nakuru limepanuka sana tangu miaka ya mwanzo ya 2010 na limefukuza watu kwenye makazi ya kandokando, kwa hiyo huko chini usiamini kiapo, amini mama wa ndizi.

Kabla hujaingia ndani uwe na mchoro wa ploti wenye mishale ya maji, na majirani wawili ambao hawajuani wawe wamekuambia jambo moja.

## Hatua ya 4: Soma nyufa

Karibu kila nyumba ina nyufa, na zikiwepo peke yake si sababu ya kukimbia. Kazi yako ni kuzitenganisha.

Nyufa nyembamba kama nywele, zilizotapakaa kwenye plasta kama ramani, ni za plasta tu. Ilikauka haraka. Rangi itazificha.

Sasa chukua kadi ya benki. Unene wake haufiki milimita 1. Ufa ambao kadi inauingia unastahili kuandikwa. Ufa ambao penseli inazama ndani yake unastahili mhandisi, bila mjadala. Zaidi ya upana, tazama unaelekea wapi:

Ufa wa mshazari unaoanza kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda kama ngazi kwenye viungo vya mawe unamaanisha upande mmoja wa msingi umeshuka. Ukiwa mpana juu kuliko chini, pembe ile inainama kwenda nje. Rudi kwenye mchoro wako uone kama gata inamwaga hapo.

Ufa wa kulala unaokwenda na urefu wa ukuta, hasa karibu na linta au chini karibu na sakafu, ni mbaya zaidi. Ukuta unasukumwa au unateleza.

Ufa wa kusimama mahali chumba cha zamani kinapokutana na cha kuongezwa ni wa kawaida, lakini upime kama bado unafunguka.

Utajuaje unafunguka? Piga mstari wa penseli kukatiza ufa, weka alama nyingine pale ncha yake inapoishia, andika tarehe ukutani kwa herufi ndogo, piga picha. Urudi baada ya wiki tatu, mvua ikiwa imenyesha katikati. Ncha ikiwa imevuka alama yako, nyumba bado inatembea.

Tahadhari kubwa hapa ni rangi. Chumba kimoja kikinukia rangi mpya na vingine havinuki, kaa ndani ya hicho kimoja. Zima taa, shika tochi ubavuni mwa ukuta ili mwanga ulale juu yake. Viraka vyote vitasimama kama kovu. Niliwahi kuona ukuta uliopakwa rangi mpya mpaka usawa wa goti tu, mzunguko mzima wa sebule, kama soksi. Hakuna fundi anayepaka hivyo kwa urembo. Unyevu ulikuwa umepanda hadi pale.

Neno moja kwa walio Kisumu, hasa upande wa uwanda wa Kano. Udongo mweusi wa huko hufanya kinyume: ukilowa huvimba na kuinua nyumba, ukikauka hupasuka na kuiangusha. Huko nyufa huonekana vizuri mwishoni mwa kiangazi, kwa hiyo usingoje mvua.

## Hatua ya 5: Sakafu na milango

Weka gololi katikati ya kila chumba uiachie. Kujongea kidogo ni kawaida. Vigae havilali sawasawa. Lakini gololi zote tatu zikikimbilia pembe moja, na kwenye chumba cha jirani zikikimbilia pembe ile ile, sakafu imeinama. Thibitisha kwa pima maji.

Fungua na ufunge kila mlango na kila dirisha. Mlango unaokwaruza juu, au uliorandwa ubavu hivi karibuni ukaachwa bila vanishi, fremu yake imepoteza umbo. Gonga vigae kwa mpini wa bisibisi, kimoja kimoja, jikoni na bafuni. Vingi vitajibu kwa sauti nzito. Vinavyojibu kama debe tupu viwekee alama. Kigae kimoja ni uzembe wa fundi. Eneo zima lina tatizo chini yake.

## Hatua ya 6: Panda darini

Hapa usione haya kuomba ngazi. Ukiwa juu, zima tochi kwanza. Vitundu vya mwanga kwenye mabati ndivyo vitundu vya maji. Kisha washa ufuate madoa ya kahawia kwenye mbao na kwenye dari. Doa lenye pete kadhaa, moja ndani ya nyingine, limelowa na kukauka mara nyingi.

Choma mbao kwa bisibisi, hasa pale zinapokaa juu ya ukuta. Ikizama kama kwenye keki, mchwa au uozo umeshafanya kazi yake. Vinjia vya udongo vinavyopanda ukutani ni vya mchwa hata kama havina mdudu leo.

Kwenye nyumba kuukuu paa laweza kuwa la asbesto, yale mabamba ya kijivu mazito yenye mawimbi mapana. Kenya ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 2006. Usiyavunje, usiyakwaruze, usimruhusu fundi ayatoboe kukuonyesha. Vumbi lake huharibu mapafu na husababisha saratani. Kuyaondoa ni kazi ya waliopewa leseni na NEMA, mamlaka ya mazingira, na gharama yake iingie kwenye bei.

## Hatua ya 7: Maji yanayoingia na maji yanayotoka

Kama una muda wa kipimo kimoja tu, kiwe hiki. Funga mifereji yote. Hakikisha matangi yamejaa na vyoo vimetulia. Nenda kwenye mita ya maji uandike namba, hata zile nyekundu za mwisho. Kaa dakika 30 bila mtu kufungua chochote. Mita ikisogea, maji yanavuja mahali ambapo huyaoni. Kama siku hiyo ni ya mgao na hakuna maji mtaani, kipimo hakijafanyika, rudi.

Nasema hivi kwa uchungu. Nyumba niliyonunua Kiamunyi ilikuwa na vigae vinavyong'aa na jiko la kupendeza, na mimi, mjuaji, sikuitazama mita. Mwezi wa tatu nilisikia sufuria zikigongana zenyewe kabatini usiku. Asubuhi kulikuwa na mwanya wa vidole viwili kati ya kabati na sakafu. Fundi alipong'oa kigae cha kwanza, simiti ikakatika kama biskuti, na chini yake palikuwa na shimo ambalo mkono wangu wote haukufika mwisho. Bomba la nusu inchi lilikuwa likivuja kwenye kiungo kwa muda mrefu, matone tu, na jivu lilikuwa likiondoka nayo polepole. Aliyeniuzia alikuwa ameshabadilisha namba ya simu.

Baada ya mita, fungua mifereji ya juu na ya chini kwa pamoja uone nguvu ya maji. Nyumba ikitumia kisima, peleka sampuli maabara ipimwe floraidi. Maji ya ardhini ya bonde hili mara nyingi huwa na floraidi nyingi, ndiyo huwapa watoto wetu meno ya kahawia. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Kisha choo. Mitaa mingi haina bomba la maji taka, kwa hiyo uliza: septiki iko wapi, na maji yake yanazama wapi? "Iko tu hapo nyuma" si jibu. Koroga buluu kwenye ndoo, mimina chooni, kimbia kwenye manholi. Maji ya buluu yanapaswa kufika haraka na kupita. Yasipofika, bomba limeziba au limekatika chini ya ardhi. Mimina ndoo kumi mfululizo. Septiki iliyojaa itakurudishia harufu kupitia bafuni kabla ya ndoo ya kumi.

Onyo: usiingize kichwa ndani ya septiki na usimruhusu fundi ashuke. Hewa yake huua mtu kwa dakika chache, na anayeshuka kumwokoa hufa pia. Funika mara tu ukimaliza.

Pima kwa hatua umbali kutoka shimoni hadi kisimani, chako na cha jirani. Chini ya mita 30 nisingekunywa maji hayo. Kisha kanyaga taratibu kuzunguka kifuniko; udongo ukibonyea, kuta za shimo zinaporomoka.

## Hatua ya 8: Stima

Chomeka kipima soketi kwenye kila soketi. Taa zake zitakuambia kama waya wa kwenda ardhini upo na kama nyaya zimebadilishana. Kwenye kisanduku cha stima tafuta kifaa cha kukata umeme ghafla mtu anapopigwa shoti. Kina kitufe cha majaribio. Kibonyeze, kisipokata, hakimlindi mtu.

Washa shawa ya moto kwa dakika kumi kisha gusa ukuta karibu na swichi yake. Swichi yenye joto au iliyogeuka rangi ya chai ina waya mwembamba mno. Mwisho, nunua tokeni ndogo kwa namba ya mita hiyo. Kama mita ina deni la zamani, sehemu ya pesa yako itakatwa kulipia, na utajua bado mapema.

Usikifungue kisanduku hadi kwenye nyaya za ndani. Hiyo ni kazi ya fundi aliyeidhinishwa na EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli.

## Hatua ya 9: Mlete mhandisi wako

Ukishamaliza haya, nusu ya nyumba mbaya zitakuwa zimeshajitoa zenyewe. Iliyobaki ndiyo ya kulipia mtaalamu. Tafuta mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, umwombe namba yake ya usajili uihakikishe. Umchague wewe. Usikubali "kijana wetu anaijua hii nyumba vizuri". Ndiye aliyepaka ile soksi.

Mpe mchoro wako na picha za nyufa. Kama kuna dalili ya kushuka, mwombe achimbe vishimo viwili kando ya msingi auone kina chake na udongo ulio chini. Mwambie mapema unataka ripoti ya maandishi yenye mambo matatu: kasoro gani, imetokana na nini, kuitengeneza kutagharimu kiasi gani. Ripoti inayosema "nyumba iko sawa kwa ujumla" mrudishie aiandike upya.

## Hatua ya 10: Peleka ripoti mezani

Gawa kasoro mafungu mawili. Vitu kama gata, soketi, mfereji unaodondosha na vigae vya bafuni ni vya kujadiliana. Msingi unaotembea, mstari wa ufa wa ardhi chini ya nyumba, au maji yaliyowahi kuingia sebuleni si vya kujadiliana. Hivyo usivinunue kwa bei yoyote, hata muuzaji akishusha milioni.

Kwa vya kujadiliana una njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza bei kwa kiasi alichoandika mhandisi, kisha utengeneze mwenyewe. Ya pili ni muuzaji kutengeneza kabla ya kumaliza malipo, ikiandikwa kwenye mkataba pamoja na kiasi kitakachobaki mikononi mwa mawakili hadi mhandisi wako aridhike. Mimi napendelea ya kwanza. Mtu anayetengeneza nyumba anayoiacha hutumia rangi kuliko simiti.

Mwombe wakili pia abadilishe kile kifungu cha "jinsi ilivyo" ili kiitaje ripoti na tarehe yake.

Kati ya sahihi na kumaliza malipo kwa kawaida huwa na siku 90, na nyumba haikai kimya siku hizo zote. Kabla ya kulipa salio omba ufunguo tena, uende na tochi, gololi na daftari. Tazama alama zako za penseli. Ukiwa bado nje, anza na mita ya maji.